Tarumbeta, Saksafoni na Madhabahu: Historia Fupi ya Ala za Kupulizwa kutoka Pwani hadi Milima ya Pare

1. Utangulizi

Katika sharika nyingi za Kilutheri kaskazini mwa Tanzania, tarumbeta haliulizwi cheti cha ubatizo. Hutangulia mbele ya maharusi, husindikiza jeneza hadi kaburini, hupigwa katika sikukuu za Kanisa, wala hakuna mzee wa kanisa anayesimama kuuliza lilizaliwa wapi, au lilifanya kazi gani kabla ya kuingia ibadani. Saksafoni haikupata ukarimu huo. Kijana akiingia nayo kanisani, wapo watakaomkumbusha mara moja kwamba hiyo ni ala ya dansi na ya ukumbi wa pombe, na kwamba nyumba ya Bwana ina ala zake.

Swali hili si dogo kama linavyoonekana. Vijana wetu wanajifunza muziki, na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira hufundisha somo hilo hadi ngazi ya shahada. Wanarudi katika sharika zao wakiwa na ujuzi mikononi. Tukiwafungia mlango kwa sababu tusizozipima, tunapoteza karama. Tukiwafungulia bila kupima, tunaweza kuharibu ibada. Mchungaji wa Same au wa Mbaga anayeombwa ruhusa ya kupiga saksafoni siku ya Jumapili anahitaji jibu lenye msingi, si jibu la mazoea.

Katika makala hii tutafuata safari ya ala hizi mbili. Tutaanza na Maandiko, tupande kutoka pwani kwa reli hadi Same na Milima ya Pare, kisha tuvuke bahari hadi Ujerumani na Marekani, ambako mwaka 1949 bendi ya chuo kikuu ilimkaribisha mpiga saksafoni mwenye historia ya kutufundisha. Hoja yetu ni moja. Tarumbeta na saksafoni zote zililelewa katika nyumba moja, yaani jeshini. Moja ilipokewa na Kanisa kwa sababu kulikuwa na watu walioifundisha kuimba pamoja na washarika, na nyingine ilibaki nje kwa sababu haikupata mwalimu wa namna hiyo. Kwa hiyo ala yapasa kupimwa kwa huduma yake, wala si kwa kuzaliwa kwake au kwa marafiki zake.

2. Ala katika Maandiko

Yeyote anayetafuta katika Biblia orodha ya ala safi na ala najisi atarudi mikono mitupu. Mwanzo 4:21 inamtaja Yubali kuwa ndiye aliyewatangulia wapigao kinubi na filimbi. Yubali alikuwa wa uzao wa Kaini, na mwandishi hafichi jambo hilo. Hata hivyo kinubi hicho hicho tunakikuta baadaye mikononi mwa Daudi, na hakuna aliyekikataa kwa sababu ya ukoo wa mpigaji wa kwanza.

Katika Hesabu 10:1-10 Musa anaagizwa kutengeneza tarumbeta mbili za fedha. Zilipigwa kuwakusanya watu, kuwaondosha kambini, kuwaita vitani, na pia wakati wa sikukuu na juu ya sadaka. Ala ile ile ilihudumu vitani na madhabahuni. Danieli 3 inatuonyesha upande wa pili: panda, filimbi, kinubi na zeze vilitumiwa kuwaita watu waiangukie sanamu ya Nebukadreza. Ndugu za ala hizo ndizo zinazoitwa katika Zaburi 150 kumsifu Bwana. Tofauti kati ya uwanda wa Dura na hekalu haikuwa katika shaba wala katika nyuzi. Ilikuwa katika jambo ambalo watu waliitiwa.

Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 14:7-8, anaongeza kipimo kingine. Ala isiyotoa sauti ya kutambulika haimsaidii mtu, na tarumbeta lenye sauti ya mashaka halimwandai askari. Kwa Paulo, kinachotakiwa ni kusanyiko lijengwe. Tutakirudia kipimo hiki mwishoni.

3. Ala za shaba zafika pwani

Ala za shaba za Ulaya zilisikika pwani ya Afrika Mashariki kabla utawala wa kikoloni haujakita mizizi. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na bendi yake. Bagamoyo, ambako Mapadri wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni mwaka 1868, vijana waliokombolewa utumwani walifundishwa kupiga ala za kupulizwa. Ndivyo ilivyokuwa pia Freretown, kijiji cha watumwa walioachwa huru, kilichoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana karibu na Mombasa katika miaka ya 1870. Na Tanga, wanafunzi wa shule ya serikali ya Wajerumani walikuwa na bendi yao, iliyopigwa katika sherehe za dola.

Tukitazama orodha hiyo tunaona jambo moja. Tangu mwanzo tarumbeta lilikuwa na mabwana watatu: mtawala, askari na mmisionari. Mwanafunzi aliyejifunza kupiga wimbo wa Kaisari asubuhi aliweza kupiga wimbo wa Kanisa jioni kwa ala ile ile.

Lakini Waafrika hawakukaa wakisubiri kupewa nyimbo. Katika miaka ya 1890, huko Lamu na Mombasa, ilizaliwa ngoma ya beni, ambayo jina lake lenyewe limetokana na bendi. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii Afrika Mashariki, ameeleza jinsi vyama vya beni vilivyoenea kutoka pwani hadi bara, vikigawanyika katika pande mbili zilizoshindana, Marini na Arinoti. Wanachama walikuwa na vyeo vya kijeshi, sare na maandamano. Wengi katika wamisionari waliiona beni kuwa ni majivuno ya kidunia. Hata hivyo Ranger anaonyesha kwamba beni haikuwa kuiga tu. Vyama hivyo vilisaidiana katika ugonjwa na katika maziko, na viliwapa watu wa mijini heshima ambayo utawala wa kikoloni uliwanyima. Mchungaji anayesoma habari hizi hana budi kujiuliza kwa nini watu walitafuta nje ya Kanisa faraja ya kuzikana, iliyo kazi ya Kanisa.

4. Reli, Same na mlima

Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893. Ulikwenda kwa kusuasua, ukafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Kati ya Mombo na Moshi reli ilipita chini ya Milima ya Pare, katika nyika kavu ya Hedaru, Makanya, Same na Lembeni. Wapare kwa sehemu kubwa walikuwa watu wa mlimani, mahali penye mvua, migomba na ndiva za kuhifadhi maji ya kumwagilia. Kwa reli hiyo, mahali pa ukame pakawa kituo, kisha mji, kisha makao ya wilaya. Na Dayosisi ya Pare ilipoanzishwa mwaka 1975, makao yake yakawa Same. Askofu wa milima akakaa bondeni, kando ya reli.

Reli haikubeba katani na kahawa tu. Ilibeba watu pamoja na nyimbo zao. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliwafuata Wajerumani kwa kuifuata reli hiyo, na nyika ya Same ikapitiwa na askari na wapagazi. Vita vile ndivyo vilivyoieneza beni kuliko jambo jingine lolote, kwa kuwa vilikusanya vijana wa makabila mengi kambini na kuwarudisha makwao na mahadhi mapya.

Mlimani kulikuwa na sauti nyingine. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na katika Upare neno hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu kazi ya pamoja ya jamii huitwa msaragambo. Wito wa kuchimba mfereji, kutengeneza njia au kujenga ulikuwa wito kwa watu wote, na aliyeusikia alijua ni wajibu. Zilikuwepo pia ngoma za sherehe na zile zilizohusiana na mshitu, yaani jando la msituni, ambalo Profesa Isaria Kimambo amelieleza katika historia yake ya Wapare iliyotolewa mwaka 1969.

Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Upare mwaka 1900, huko Shigatini katika Usangi, kisha wakaenea kusini hadi Gonja na Mbaga. Mmoja wao, Jakob Janson Dannholz wa Mbaga, aliandika kitabu juu ya imani ya Wapare kuhusu mizimu, kilichotolewa mwaka 1916. Kwa wamisionari wa kizazi hicho, ngoma haikutengana na mizimu, wala na pombe iliyonyweka pamoja nayo. Basi Mkristo alitakiwa kuiacha ngoma, na wapo waliotengwa na Meza ya Bwana kwa kuirudia.

Hatuwalaumu kwa haraka, kwa sababu walikuwa na hofu ya kichungaji iliyo ya kweli. Hata hivyo haki inatudai tuseme kwamba mizani yao haikuwa sawa pande zote mbili. Ngoma ya mlimani ilihukumiwa kwa sababu ya ndugu zake, yaani mizimu na pombe. Tarumbeta halikuhukumiwa kwa sababu ya ndugu zake, yaani bunduki na kiboko, ingawa mwaka 1905 hadi 1907 jeshi lililolipiga lilikuwa likiwaua watu kusini mwa nchi yetu katika vita vya Maji Maji.

5. Jinsi tarumbeta lilivyobatizwa

Je, tarumbeta lilipataje nafasi madhabahuni? Jibu linaanzia Ujerumani. Katika uamsho wa karne ya 19, sharika za vijijini za Westfalia zilianza kuunda vikundi vya wapiga tarumbeta. Kikundi cha Jöllenbeck, cha mwaka 1843, huhesabiwa miongoni mwa vya kwanza. Mchungaji Eduard Kuhlo na mwanawe Johannes Kuhlo (1856-1941) ndio walioupa mwendo huo sura yake. Johannes alifanya kazi Bethel, karibu na Bielefeld, mahali ambapo Misheni ya Bethel ilihamia mwaka 1906. Misheni hiyo ilifanya kazi Usambara, milima inayotazamana na Upare ya kusini ng'ambo ya bonde la Mkomazi.

Kuhlo alifanya mambo mawili yanayostahili kukumbukwa na kila mwalimu wa kwaya. Kwanza, alichagua ala zenye sauti laini inayokaribia sauti ya mwanadamu, kuliko zile zenye mlio mkali wa kijeshi. Alitaka ala iimbe. Pili, alibadili namna ya kusoma nota. Katika bendi za jeshi kila ala huandikiwa nota zake za pekee, na mara nyingi sauti inayosikika si ile iliyoandikwa. Kuhlo aliwafundisha wapigaji wake kusoma nota kama waimbaji wanavyozisoma. Matokeo yake yalikuwa makubwa. Mpiga tarumbeta aliweza kufungua kitabu cha kwaya, akashika sauti yake kati ya zile nne, akapiga pamoja na waimbaji bila kuandikiwa kitu kingine. Kitabu cha nyimbo kikawa kitabu cha bendi.

Kwa njia hiyo ala ya askari iliwekwa chini ya wimbo wa washarika. Hapo ndipo ilipobatizwa, ikiwa tunaruhusiwa kutumia neno hilo kwa mfano. Haikubatizwa kwa kufukuza kumbukumbu ya jeshi, bali kwa kupewa kazi mpya na nidhamu mpya.

Kwa sharika za milimani ala hii ilikuwa na faida nyingine zilizo wazi. Kinanda cha mabomba hakipandi Vudee wala Chome, lakini tarumbeta hubebwa begani. Sauti yake husikika ng'ambo ya bonde. Lina vali tatu tu, halina ngozi wala kamba, na likitunzwa hudumu miaka mingi. Laweza kupigwa nje, kando ya kaburi, mahali ambapo imani ya Upare imejaribiwa mara nyingi kuliko ndani ya kanisa. Wengi wetu tunajua jinsi wimbo wa ufufuo unavyowatia nguvu wafiwa unapopigwa kwa sauti nne juu ya udongo mbichi.

Jambo moja zaidi lazima lisemwe. Wamisionari Wajerumani waliondolewa katika Vita Kuu ya Kwanza, na tena katika ile ya Pili. Nyakati hizo walimu na wainjilisti Waafrika ndio waliobeba sharika, wakisaidiwa na Walutheri wa Sinodi ya Augustana kutoka Marekani. Muziki wa Kanisa usingedumu kama ungekuwa mali ya wageni. Ulidumu kwa sababu wenyeji walikuwa wameufanya kuwa wao.

6. Saksafoni: ala iliyobaki mlangoni

Saksafoni ilibuniwa na Adolphe Sax, fundi wa ala aliyezaliwa Dinant, Ubelgiji, mwaka 1814. Alipata hataza yake Paris mwaka 1846. Mwili wake ni wa shaba, lakini sauti yake huzaliwa na kipande chembamba cha tete kinachotikisika mdomoni mwa mpigaji. Sax aliikusudia hasa kwa bendi za jeshi, na jeshi la Ufaransa ndilo lililoipokea kwanza. Kwa hiyo anayesema kwamba saksafoni ilizaliwa katika kilabu cha pombe hajui historia yake. Ilizaliwa karakana moja na bendi za kijeshi, kama ndugu mdogo wa tarumbeta.

Ilifikaje basi kuwa ala ya dansi? Bendi za Marekani ziliichukua katika karne ya 20, na kutoka huko ikarudi Afrika kwa sahani za santuri. Bendi za dansi zilizaliwa Dar es Salaam katika miaka ya 1930. Baadaye zikaja Western Jazz, Cuban Marimba ya Morogoro chini ya Salum Abdallah, na NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964. Kutoka Kongo sauti ya saksafoni ya Verckys Kiamuangana ilifika kila mahali palipokuwa na redio. Msikilizaji wa Same aliijua saksafoni kwa redio kabla ya kuiona kwa macho, naye aliisikia daima ikiwa katika wimbo wa mapenzi na wa starehe.

Zilikuwepo pia sababu ambazo hazina uhusiano na dhambi. Saksafoni ina vitufe vingi, na kila tundu hufunikwa kwa kipande cha ngozi kinachochakaa. Tete lake hukatwa katika matete ambayo mengi hukua kusini mwa Ufaransa, nalo hupasuka upesi katika ukavu kama wa Same. Tena nota zake haziafikiani na kitabu cha kwaya. Saksafoni ya alto ikipiga nota iliyoandikwa, sauti inayosikika ni nyingine kabisa. Isipokuwa mpigaji amefundishwa kuhamisha nota, hawezi kukaa kando ya mwimbaji na kusoma ukurasa mmoja naye. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile tulichokiita ubaya wa saksafoni ilikuwa ni ukosefu wa fundi, wa tete na wa mwalimu. Yatupasa kuwa waangalifu tusiite umaskini kwa jina la utakatifu.

7. Mgeni wa Illinois, 1949

Sasa tuvuke bahari. Sigurd Rascher alizaliwa mwaka 1907 huko Elberfeld, mji ambao leo ni sehemu ya Wuppertal pamoja na Barmen. Wanafunzi wa theolojia hawahitaji kuelezwa Barmen ni nini. Ni mahali ambapo mwezi Mei 1934 wajumbe wa makanisa ya Kiinjili walitangaza kwamba Kanisa lina Neno moja la kusikiliza, nalo ni Yesu Kristo, wala si dola na viongozi wake.

Rascher alikuwa mpiga saksafoni wa muziki wa tamasha. Watawala wa Kinazi walipochukua nchi mwaka 1933, hakukuwa na nafasi tena kwa kijana mwenye ala hiyo, naye akahamia Denmark na Sweden. Mwaka 1934, huko Nyköping, Sweden, alipiga kwa mara ya kwanza konseto ambayo Alexander Glazunov alikuwa amemwandikia. Mwaka 1938 Wanazi walifanya maonyesho Düsseldorf ya muziki waliouita mchafu. Tangazo lake lilikuwa na picha ya kejeli: mtu mweusi anayepiga saksafoni, amevikwa nyota ya Kiyahudi. Ala iliyobuniwa na Mbelgiji kwa ajili ya majeshi ya Ulaya ilikuwa imefanywa alama ya kuwadharau Waafrika na Wayahudi kwa pamoja. Msomaji Mwafrika anayerudia bila kufikiri kwamba saksafoni ni ala chafu kwa asili yake, afahamu ni akina nani waliosema hivyo kabla yake.

Mwaka 1939 Rascher alikwenda Marekani. Huko bendi za vyuo vikuu zilikuwa zimekomaa, na Walutheri walikuwa na sehemu yao katika kuzilea. Chuo cha Luther, Decorah, kina bendi tangu 1878, na kile cha St. Olaf, Northfield, tangu 1891. Tofauti na vikundi vya Kuhlo, bendi hizo huchanganya ala za shaba na zile za tete, saksafoni ikiwemo. Mwaka 1949 bendi ya tamasha ya Chuo Kikuu cha Illinois, ikiongozwa na Mark Hindsley, ilimkaribisha Rascher kuwa mpigaji mgeni. Alipiga konseto mpya ya saksafoni na bendi, iliyotungwa na Ingolf Dahl, mzaliwa wa Hamburg wa mwaka 1912 ambaye naye alikuwa ameihama Ujerumani. Watu wawili waliofukuzwa na chuki walipewa jukwaa na wanafunzi wa chuo cha umma. Konseto hiyo ikawa miongoni mwa kazi kuu zilizoandikwa kwa ajili ya ala hiyo pamoja na bendi.

Linganisha habari hiyo na ya Johannes Kuhlo. Mtumishi huyu wa Bwana, aliyeifundisha shaba kuimba, katika uzee wake alikuwa mfuasi wa wazi wa Hitler. Hatulisemi hili ili kufuta kazi yake njema, ambayo sharika zetu bado zinaila matunda yake. Tunalisema kwa sababu linaondoa udanganyifu mmoja. Aliyeshika ala ya Kanisa alimsifu mtesaji, na aliyeshika ala ya dansi alikimbia mateso. Utakatifu haukai katika shaba, wala katika tete.

8. Mambo ya kujifunza

Ungamo la Augsburg, katika ibara ya saba, linafundisha kwamba umoja wa Kanisa hauhitaji desturi zilizowekwa na wanadamu ziwe za namna moja kila mahali. Martin Luther mwenyewe aliuheshimu muziki kuliko sanaa zote, akiuweka karibu na theolojia. Tukisimama juu ya msingi huo, historia tuliyoieleza inatupa mambo manne.

Kwanza, ala mpya ipimwe kwa wimbo wa washarika. Mchungaji asimwulize kijana kwamba ala yake inapigwa wapi siku za Jumamosi. Amwulize: Je, waweza kupiga sauti ya pili ya wimbo tutakaoimba Jumapili, kwa namna ambayo bibi wa kiti cha mwisho atausikia wimbo, wala si wewe? Akiweza, amepita mtihani wa Paulo.

Pili, tutofautishe tamasha na ibada, bila kudharau lolote kati ya hayo. Mpigaji mgeni katika tamasha husimama mbele ya bendi, na ni haki asikike peke yake, kwa kuwa watu wamekuja kumsikiliza. Katika ibada hakuna mpigaji mgeni. Hata mwenye ujuzi mkuu ni mmoja wa kusanyiko. Vyuo vyetu vifanye matamasha, vialike wageni, vifundishe ala zote, na ujuzi huo uingie kanisani ukiwa mtumishi.

Tatu, turekebishe deni letu kwa ngoma. Njia imekwisha kuonyeshwa. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa na Wilson Niwagila waliandika nyimbo za Kikristo kwa mahadhi ya kwetu, na Howard Olson, aliyekuwa mwalimu Makumira, alizikusanya nyimbo za namna hiyo na kuzisambaza. Wimbo wa Kyamanywa wa Pasaka, unaojulikana kama Mfurahini Haleluya, umevuka mipaka hata ukaimbwa Ulaya na Marekani. Vivyo hivyo Manu Dibango wa Kameruni, mmoja wa wapiga saksafoni maarufu wa bara letu, aliyefariki mwaka 2020, alianza kusikia muziki katika kanisa la Kiprotestanti la Douala, ambako mama yake aliongoza kwaya. Sikio lake lililelewa na Kanisa, lakini saksafoni yake haikupata kazi ndani ya Kanisa. Swali ni kwa Kanisa kama lilivyo kwake.

Nne, tusinunue ala bila kumwandaa mwalimu na fundi. Makanisa rafiki ya Ulaya yametusaidia kwa ala na walimu, nasi tunawashukuru. Lakini ala inayokaa kabatini kwa kukosa kipande cha ngozi au tete ni mzigo kwa usharika. Usharika wa mlimani wenye kwaya nzuri na matarumbeta manne usione aibu kwa kutokuwa na saksafoni. Na ule ulio na mpigaji mmoja mwaminifu usimzuie.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba tarumbeta lilipita mikononi mwa sultani, askari, vyama vya beni na wamisionari kabla ya kutulia kando ya makaburi yetu. Tumeona kwamba saksafoni ilitoka nyumba ile ile, ikafuata njia nyingine, ikadharauliwa na wenye chuki, ikapewa heshima na bendi ya wanafunzi. Hakuna hata moja iliyokuja kwetu ikiwa safi, nasi wenyewe hatukuja hivyo.

Mbiu ya msaragambo haikuuliza aliyeitika ni wa ukoo gani. Ilimtaka aje na jembe lake, afanye kazi pamoja na wengine hadi mfereji ufikishe maji shambani. Wazee wa kanisa watakapokutana kuamua juu ya ala inayobisha hodi, na waiulize swali hilo hilo: Imekuja kufanya kazi pamoja nasi? Ikiwa jibu ni ndiyo, waipe nafasi katika mstari, na wimbo wa kwanza wa kujifunza uwe ule ambao washarika wote wanaujua.